Kuvuka Hampta Pass: maelekezo ya mtu wa Marangu kwa anayekwenda Himalaya mara ya kwanza

Vijana wa Kitanzania na Kikenya wanaosoma Chandigarh, Pune na Bangalore huniuliza swali moja: "Kaka, tukitaka kuiona Himalaya bila kujiua, tuanzie wapi?" Jibu langu ni Hampta, jimbo la Himachal Pradesh, kaskazini mwa India. Mimi ni mtu wa Marangu. Nilianza kwa kubeba mizigo Kilimanjaro, nikaja kuwa mwongozaji, halafu masomo yakanileta Chandigarh, ambako usiku mmoja wa basi unatosha kukufikisha kwenye theluji.

Hampta ni kipito, si kilele. Ni mahali ambapo ukuta wa milima ya Pir Panjal umelegea kidogo, watu na mifugo wakapata pa kupenya kutoka bonde la Kullu kwenda Lahaul. Sehemu ya juu kabisa iko karibu mita 4,270. Aliyewahi kulala Kibo Hut, kambi ya mwisho ya Kilimanjaro, mita 4,720, akisikia namba hiyo anacheka. Asubiri kwanza. Kwetu Marangu ukizidiwa unageuza, unashuka kwa njia ile ile uliyopandia, na kambi ya Horombo unaijua. Kwenye kipito, ukishateremka upande wa pili umehama bonde: kurudi ni kuupanda ukuta upya, kwenda mbele ni kuvuka mto wa maji ya barafu. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba uamuzi wa kuvuka au kutovuka hufanyika jioni ya siku ya pili, kwenye kambi ya Balu ka Ghera. Huko juu umeshachelewa. Mengine yote nitakayoeleza ni ya kukufikisha jioni hiyo ukiwa na akili timamu na miguu mizima.

Msimu

Njia hufunguka kuanzia katikati ya Juni na hufungwa Oktoba. Ndani ya miezi hiyo kuna safari mbili zisizofanana hata kidogo. Juni hadi mwanzo wa Julai unakanyaga theluji sehemu kubwa ya siku ya kuvuka, na watu wengi huifuata hiyo theluji kwa ajili ya picha. Kisha zinaingia mvua za monsuni. Upande wa Kullu unakuwa kijani tupu, maua mpaka kwenye mawe, lakini Julai na Agosti barabara za Himachal hukatwa na maporomoko ya ardhi. Julai 2023 mafuriko yalibeba barabara na madaraja katika bonde la mto Beas, na huko Chandratal, ziwa ambalo wengi hulimalizia safari hii, watu karibu 300 walikwama kwenye theluji hadi walipookolewa.

Mimi hupenda Septemba, mvua zikishaanza kujiondoa. Mito inakuwa imepungua, anga linasafishika, milima inaonekana. Baridi ya usiku ndiyo bei yake. Ukitaka theluji kwa nguvu zote, basi nenda nusu ya pili ya Juni, lakini usichukue kampuni isiyokuwa na kamba na minyororo ya meno ya kuvika juu ya buti.

Kabla hujapanda basi

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anaweza kuomba viza ya India mtandaoni. Anayetokea Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na asikifungie kwenye begi kubwa, maana kitaulizwa uwanja wa ndege. Toa nakala kadhaa za pasipoti na viza. Hoteli za India zinatakiwa kumwandikisha kila mgeni wa nje, na mapokezi ya Manali watazitaka hata kama umefika saa kumi na moja alfajiri ukiwa unasinzia wima.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui: simu ya setilaiti, pamoja na vile vifaa vidogo vya kutuma ujumbe kwa setilaiti, hairuhusiwi India bila kibali cha serikali. Watalii wamekamatwa nazo. Iache nyumbani. Njiani mtandao wa simu utakatika siku ya kwanza tu, kwa hiyo mwambie mama mapema kwamba utakuwa kimya siku kadhaa. Usipomwambia, atapiga simu ubalozini.

Bima nayo uisome. Nyingi za bei nafuu zinaishia mita 3,000, na hapo Hampta ndiyo kwanza inaanza. Tafuta iliyoandika wazi mita 4,500 au zaidi, na iliyotaja uokoaji.

Je, uende na kampuni au peke yako? Njia si ngumu kuifuata siku ya jua. Siku ya ukungu, lile bonde la mawe chini ya kipito linafanana pande zote, na mto wa upande wa pili hauvukwi na mtu mmoja. Nenda na watu. Ukiongea na kampuni usianze na bei, uliza kwanza: mwongozaji mkuu analala kambi moja na sisi? Mtungi wa oksijeni unatembea nasi au unabaki Manali? Mtu akizidiwa Balu ka Ghera, nani anashuka naye, na kundi lingine linabaki na nani? Hilo la mwisho ndilo linalowatoa jasho. Akijibu "haijawahi kutokea", shukuru, kata simu, tafuta mwingine.

Mwili

Mazoezi ya kupanda kila mtu anayafanya. Fanya ya kushuka. Ukiwa na jengo la ghorofa kumi, panda kwa lifti ukitaka, ila shuka kwa ngazi, na mgongoni weka chupa za maji. Siku ya kuvuka Hampta magoti hufanya kazi kubwa baada ya kufika juu, si kabla. Walioko Nairobi wana Ngong, walioko Morogoro wana Uluguru, na aliyeko Dar ana ngazi tu na uvumilivu. Mwezi mmoja na nusu wa mazoezi mara nne kwa wiki unamtosha mtu asiye na maradhi. Mwenye presha, pumu au moyo amwone daktari kwanza, na mazungumzo hayo hayo yaguse Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko. Dozi ya kawaida ya kuzuia ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, ila wenye mzio wa dawa za salfa wanapaswa kutoboa siri hiyo kwa daktari mapema. Itakukojoza na kukupa ganzi za vidole. Hilo si tatizo. Diamox husaidia mwili kuzoea, haimgeuzi mtu kuwa na mapafu mapya.

Kata kucha za miguu siku mbili tatu kabla ya kuondoka. Usiku wa mwisho umechelewa, kidonda kidogo cha ukingoni hakitapata muda wa kupona. Nimeona kucha nyeusi nyingi kuliko vidonda vya aina nyingine yoyote, na karibu zote zilitokana na kushuka na buti zilizolegea. Kamba za buti ziwe na desturi mbili: za kupandia unaacha nafasi kidogo juu ya kifundo, za kushukia unagonga kisigino nyuma ya buti mara mbili, unakaza sana pale mguu unapokunjika, halafu ndipo unafunga juu. Kidole kikubwa kisiguse mbele hata ukipiga teke jiwe.

Mzigo

Siorodheshi kila kitu, kampuni itakupa orodha yake. Nitagusa vile ambavyo watu wetu hukosea kuvipima.

Pamba iache Delhi. Fulana ya pamba ikilowa jasho hukauka kesho kutwa. Vaa nguo za michezo zinazokauka haraka, juu yake sweta la manyoya mepesi, juu yake koti la mvua la kweli, na koti zito la usiku libaki kavu ndani ya mfuko wa plastiki mpaka jua lizame. Poncho ya madukani Manali inafaa kufunika begi, siyo mtu kwenye upepo. Miwani ya jua ni lazima kama kuna theluji. Macho huungua kama ngozi, na maumivu huanza usiku ukiwa hemani. Beba fimbo mbili za kutembelea, tochi ya kichwani, dawa ya kusafisha maji, na yeboyebo au sandali zenye mkanda wa nyuma. Kandambili hapana, mto utaondoka nazo. Buti mpya usizijaribie huku.

Mfuko wa kulalia na minyororo ya buti ukodi Manali, maduka ya kukodisha yamejaa pale. Ufungue mfuko wote, unuse, jaribu zipu mpaka chini na kurudi. Usiku wa Septemba kambini unacheza karibu na sifuri, na kuelekea mwisho wa mwezi unashuka chini yake.

Fedha chukua taslimu kutoka Manali. Mbele ya hapo hakuna mashine.

Kulala Manali

Kutoka Delhi mabasi ya usiku huondoka jioni na kufika Manali asubuhi, takriban kilomita 540. Mji uko mita 2,050 hivi. Kambi ya kwanza iko karibu 3,100. Kuruka zaidi ya mita 1,000 ndani ya siku moja baada ya kukesha kwenye basi ni kujitafutia maumivu ya kichwa, na kanuni za madaktari wa milimani zinasema ukishapita mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 za kulala kwa usiku mmoja. Kwa hiyo lala Manali usiku mbili. Siku ya katikati panda Sethan, kijiji kilicho mita 2,700 kwenye barabara ile ile ya kwenda Hampta, tembea saa moja mbili, rudi. Kama bajeti inaruhusu, usiku wa pili ulale huko huko Sethan. Ratiba nyingi za matangazo hazina siku hii kwa sababu inaongeza gharama. Iongeze mwenyewe.

Jobra hadi Balu ka Ghera

Asubuhi gari linaacha bonde kwenye kijiji cha Prini na kuanza kupanda kona kali moja baada ya nyingine, ukipita alama za mradi wa umeme wa maji wa Allain Duhangan, ule wa megawati 192. Anayetapika kwenye gari akae mbele. Jobra ndipo barabara inapokuachia. Kutoka hapo kwenda Chika ni mwendo mfupi, kama saa mbili, ndani ya msitu na kando ya mto. Siku nyepesi kama hii ndiyo wageni huiharibu kwa kukimbia. Tembea kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza sentensi ndefu bila kukatika pumzi. Mkenya mmoja wa Eldoret aliniambia kwao huo mwendo ni wa wagonjwa. Nikamwambia basi leo sote wagonjwa.

Hapa mizigo haibebwi na wagumu, yaani wapagazi, kama kwetu, inabebwa na nyumbu na farasi. Ukisikia kengele nyuma yako, sogea upande wa mlima na usimame, fimbo zikiwa zimekusanywa. Usisimame upande wa korongo hata kama kuna nafasi nzuri zaidi. Nyumbu mwenye hema pande zote mbili hajui upana wake, na atakusukuma bila kukusudia.

Siku ya pili, Chika hadi Balu ka Ghera, ni kama saa tano. Miti inaisha polepole, bonde linapanuka, pembeni kuna maporomoko membamba ya maji yanayoning'inia kwenye majabali. Mtakutana na wachungaji wa Kigaddi na makundi ya kondoo na mbuzi. Hawa ndio wenye njia. Baridi wanashusha mifugo kwenye vilima vya chini vya Kangra, kiangazi wanavuka vipito kama hiki kwenda kwenye malisho ya Lahaul. Wazee bado huvaa joho la sufu linaloitwa chola, limefungwa kiunoni kwa kamba nyeusi ya sufu ndefu ajabu, dora, iliyozungushwa mara nyingi mpaka inakuwa mkanda mnene kama mkono. Nilimwona mzee mmoja akimtoa mwanakondoo aliyezaliwa njiani kutoka kifuani mwa joho lile, juu ya kamba, akamnyonyesha kwa mama yake, akamrudisha humo, akaendelea kupanda.

Mbwa wao wana kola za chuma kwa ajili ya chui. Ni walinzi, si wa kuchezea. Usipite katikati ya kundi, zunguka kwa juu au subiri mchungaji aite mbwa. Muamkie kwanza.

Chakula njiani ni cha mboga karibu siku zote: wali na maharage mekundu, dengu, chapati, viazi, chai ya maziwa yenye tangawizi, na tambi za Maggi kila unapogeuka. Kwa Waislamu hili linaondoa maswali mengi. Wanaoswali, kibla hapa ni magharibi, kikielekea kusini kidogo. Mla nyama asiyejiweza abebe nyama yake kavu, ila ale kando. Wapishi wengi hawagusi nyama.

Jioni ya Balu ka Ghera

Kambi iko karibu mita 3,600, kidogo chini ya Horombo. Bonde ni pana, la mchanga na majani mafupi, mto umejigawa mikono mingi. Mbele yako kuna ukuta, na kipito hakionekani kutoka kambini. Watu hufika saa nane mchana wakiwa na furaha, wanavua viatu, wanalala. Usilale. Kunywa maji, vaa kofia, halafu panda kilima cha karibu mita 100 au 150, kaa dakika 20 huko juu, shuka. Mwili utakushukuru usiku.

Kisha, kabla ya chakula cha jioni, jikague. Kilimanjaro tunatumia maswali ya Lake Louise, ya kupima ugonjwa wa mwinuko, na hapa pia yanafaa: kichwa kinauma? Tumbo linakataa chakula? Uchovu umepita kiasi? Kizunguzungu kipo? Kichwa kuuma kidogo, kinachotulia kwa maji na panadol, ni kawaida. Kichwa kinachouma pamoja na kichefuchefu kimegonga mlango, na mtu huyo hapandi kesho. Analala hapo hapo, au akizidi anashuka Chika usiku huo huo.

Kuna vile vifaa vya kubana kidole kupima oksijeni. Navitumia, ila siviabudu. Vidole vya baridi hudanganya kifaa, na nimeona mtu mwenye namba mbaya anakula sahani mbili na mwenye namba nzuri anatapika nyuma ya hema. Mimi huangalia sahani. Asiyemaliza chakula, na asiyetania wenzake kama jana, namfuata hemani. Halafu namwambia atembee mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole, hatua kumi. Anayeyumba kama aliyetoka kilabuni ana hatari ya ubongo kuvimba. Hapo hakuna mjadala wala kusubiri kukuche. Vivyo hivyo kwa anayekohoa na kuhema akiwa amekaa tu, maana mapafu yanaingia maji. Dawa ya hayo mawili ni kushuka, oksijeni ikiwepo anashuka nayo.

Tatizo la jioni hii halijawahi kuwa kukosa dalili. Tatizo ni watu kuficha. Wamelipa, wamewaambia marafiki, rafiki mwenzao anavuka. Ndiyo maana mimi huuliza mmoja mmoja, mbali na kundi, na huwauliza pia walio hema moja: mwenzako alilalaje jana? Ukiwa umesafiri bila mtu wa kukuuliza, mpe rafiki yako kazi hiyo mapema, mkubaliane Manali kwamba akisema hapana ni hapana. Kurudi kutoka hapa ni mwendo wa siku moja tu hadi barabarani. Ukishavuka, barabara iliyo karibu iko Lahaul, ng'ambo ya mto.

Siku ya kuvuka

Amka saa kumi, tembea saa kumi na moja na nusu au saa kumi na mbili. Mawingu hupanda mchana, na unataka uwe umeanza kushuka upande wa pili kabla ya saa sita. Kula hata kama hutaki. Beba maji lita mbili, chupa moja iwe ndani ya koti isigande, na kitu kitamu mfukoni, siyo ndani ya begi.

Saa za kwanza ni mawe yaliyoachwa na barafu ya zamani, ukiruka moja kwenda jingine. Kunja fimbo moja hapo, mkono uwe huru. Halafu panaanza kupanda kwelikweli, na panadanganya: unaona ukingo, unasema ndiyo hapo, ukifika kuna mwingine. Usiulize "bado mbali?" kila dakika. Hesabu pumzi badala ya hatua: vuta hewa hatua moja, toa hatua moja, na mahali penye mwinuko mkali pumzika goti likiwa limenyooka ili mfupa ubebe uzito, si msuli. Hewa ya hapa ina kama asilimia 60 ya mgandamizo wa ule wa Tanga, na hata aliyekulia Nairobi atausikia upungufu.

Juu ya kipito pana marundo ya mawe na vitambaa vya ibada. Siku safi utaona Indrasan, mita 6,221, na Deo Tibba, mita 6,001. Maji ya nyuma yako yanakwenda Beas, ya mbele yako yanakwenda Chandra na hatimaye Chenab. Nyuma ni kijani, mbele ni kahawia na kijivu tupu, kwa sababu mvua za monsuni zimeishia kwenye ukuta uliosimama juu yake. Piga picha, vaa koti, dakika 15 zinatosha.

Sasa kazi. Kushuka kwenda Shea Goru ni mteremko mkali, na huanza hapo hapo bila kukupa nafasi ya kujipanga. Funga buti za kushukia. Refusha fimbo kidogo. Penye theluji ngumu ya asubuhi vika minyororo ya meno, piga kisigino ndani ya theluji kila hatua, na fuata nyayo za mwongozaji hata kama zinaonekana kuzunguka. Wengine huteleza kwa makalio. Kubali tu pale mwongozaji alipokwisha kupita na kuona panapoishia, na ukiwa umevua ile minyororo, kwa sababu meno yakinasa ukiwa unateleza, kifundo ndicho kinavunjika. Septemba hakuna theluji ya kutosha, badala yake kuna changarawe za kuteleza juu ya udongo mgumu. Hatua fupi, magoti yamekunjwa, pua mbele ya vidole. Anayeegemea nyuma kwa woga ndiye anayekalia mawe. Na msishuke mmoja juu ya mwingine kwa mstari wima, jiwe la wa juu linamkuta wa chini. Shukeni mshazari, na jiwe likitoka pigeni kelele mara moja, kwa lugha yoyote.

Magoti yatalalamika saa mbili au tatu. Kambi iko karibu mita 3,900.

Mto wa asubuhi

Mto wa Shea Goru unatokana na barafu, kwa hiyo una saa zake. Jua likiyeyusha huko juu, mchana na jioni unajaa, usiku unapungua. Uvuke asubuhi, kabla jua halijakaa sana kwenye miteremko. Kampuni inayokuvusha saa tisa alasiri ili kuokoa usiku mmoja haikutakii mema.

Vua buti na soksi, zifunge zikining'inia shingoni au juu ya begi, vaa sandali. Usivuke peku, maji haya yanatia nyayo ganzi ndani ya sekunde na hutajua umekanyaga nini. Kunja suruali juu ya goti. Fungua mkanda wa begi wa kiunoni na wa kifuani. Ukianguka, begi lazima likuachie. Shikaneni viwiko, siyo vidole, wenye nguvu wakae upande maji yanakotoka. Mtazamo uwe ng'ambo, kwa sababu ukitazama maji yanayokimbia kichwa kinazunguka. Buruta mguu chini, usiunyanyue, hamisha mmoja baada ya mwingine kutulia. Maumivu yatakuja kama kisu kwenye mifupa, na ni dakika moja tu. Ng'ambo, kausha miguu kabisa mpaka katikati ya vidole kabla ya kuvaa soksi. Sasa hivi, siyo baada ya picha.

Kutoka hapo hadi Chatru ni kushuka kwa saa nne hivi, mpaka kwenye mto Chandra na barabara. Chatru ina vibanda vya chai. Agiza chai na mayai.

Chandratal na kurudi

Kampuni nyingi huunganisha Chandratal, ziwa la mita 4,250 hivi, kwa gari. Kwenye ramani ni karibu. Kwa barabara ile ya mawe na vijito kupitia Batal ni saa tatu hadi nne, na wanaougua kwenye gari watateseka kuliko walivyoteseka kwenye kipito. Ziwa limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu tangu 2005, kuogelea hakuruhusiwi, na kambi zimewekwa mbali na maji. Linapendeza kweli. Lakini kumbuka utalala juu zaidi ya Shea Goru, kwa hiyo aliyevuka na kichwa kinachouma asiende. Arudi Manali na gari la kwanza. Na mvua ikiwa inanyesha upande wa Batal, acheni ziwa mwaka huu.

Kurudi, gari linapitia handaki la Atal, kilomita 9.02, lililofunguliwa Oktoba 2020. Zamani ilibidi kupanda Rohtang, mita 3,978. Siku hizi unaingia kwenye handaki jangwani na kutoka kwenye misonobari na mvua.

Bahashishi kusanyeni kambi ya mwisho, siyo Manali, kwa sababu wenye nyumbu hugeukia njiani na hawafiki mjini. Mpeni kila mtu mkononi, mpishi, msaidizi wake na mwenye nyumbu, kila mmoja chake, na kiasi mkijue tangu mwanzo ili mbaki na noti ndogo. Tiketi ya ndege kutoka Delhi iwe angalau siku mbili baada ya siku ya kurudi Manali. Barabara ya Beas ikikatika, hakuna shirika la ndege litakalokusubiri, na basi la usiku wa Jumapili hujaa mapema. Likateni tiketi kabla hamjapanda.